Kupima Upya Mahali pa Kazi

Aghalabu hudhaniwa kwamba kitu kilichothibitika kuwa bora mahali pamoja kitakuwa bora kila mahali. Dhana hii hapana budi ichunguzwe na kila mwalimu mwanafunzi, na mfano mzuri unapatikana katika hesabu za kisayansi zifanywazo kwa kompyuta.

Mwaka 1998, R. Clint Whaley na Jack Dongarra wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, walieleza programu iitwayo ATLAS. Inapowekwa katika kompyuta, programu hii hujaribu njia nyingi za kuzidisha majedwali ya namba, hupima muda wa kila njia, kisha huchagua iliyo ya haraka. Jambo kubwa ni ukubwa wa vipande vya jedwali. Vikienea katika kumbukumbu ndogo iliyo karibu na prosesa, kazi huenda mbio; vikizidi, prosesa hukaa ikisubiri namba ziletwe kutoka mbali.

Tangu Amazon ilipofungua huduma ya EC2 mwaka 2006, wanasayansi wengi wamekuwa wakikodi kompyuta za "wingu". Humo kompyuta moja kubwa hugawanywa kuwa kompyuta pepe kadhaa. Kuzidisha kwenyewe hakupungui kasi sana, maana amri hizo hutekelezwa na prosesa moja kwa moja. Lakini kumbukumbu yake yaweza kutumiwa na wapangaji wengine pia. Tena kompyuta pepe iliyoanzishwa leo juu ya prosesa ya aina moja, kesho yaweza kuanzishwa juu ya nyingine. Hapo vipimo vya jana havitegemeki. Jibu litakuwa sahihi, lakini muda na fedha hupotea. Na programu ikitumia amri ambazo prosesa mpya haizijui, husimama kabisa.

Wako wasemao kwamba afadhali programu ya jumla, isiyolengwa kwa mashine yoyote. Hatukubaliani nao, kwani programu ya namna hiyo huenda polepole kila mahali. Dawa ni kupima upya pale kazi inapofanyika.

Ndivyo ilivyo kwa andalio la somo. Andalio lililofaulu kwa watoto 40 wenye vitabu halitafaa, bila marekebisho, kwa watoto 90 wanaogawana vitabu vichache. Tusilitupe, wala tusilinakili kama lilivyo. Mwalimu na aanze kwa maswali machache, aone watoto wanajua nini, ndipo aligawe somo katika vipande wanavyovimudu. Asiyepima atamaliza somo kwa wakati, na watoto wataachwa nyuma.