Burundi: Wazawa wanaporejea Kajaga kama watalii

Kila kiangazi, ndege zitokazo Brussels, Addis Ababa na Nairobi huwashusha Bujumbura Warundi waishio ng'ambo. Baadhi yao hawafikii tena kwenye vilima walikozaliwa wazazi wao, bali Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika. Je, nchi huwapokea kama raia wake, au kama wageni wenye fedha za kigeni?

Kajaga iko magharibi mwa Bujumbura, katika tambarare ya Imbo, pembeni mwa barabara kuu iendayo Gatumba na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuna hoteli za ufukweni, baa zenye viti mchangani, na nyumba kubwa zilizozungushiwa kuta ndefu. Baadhi ya nyumba hizo zimejengwa kwa fedha zilizotumwa kidogo kidogo kutoka Ulaya, Canada au Marekani, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaliwa na mlinzi peke yake, ambaye wenyeji humwita zamu. Mwenye nyumba huja kwa wiki tatu au nne, akahudhuria harusi, akalipa mahari ya mdogo wake, kisha akaondoka.

Katika wiki hizo hufanya yale ambayo alipokuwa akiishi nchini hakuyafanya. Huenda kutazama viboko katika hifadhi ya Rusizi, hupanda hadi Gishora kusikiliza ngoma ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi za binadamu, na hupiga picha kwenye jiwe la Mugere linalokumbusha ujio wa Livingstone na Stanley, Novemba 1871. Mtoto wa Buyenzi au Kinama angeweza kukua mpaka utu uzima bila kufika Mugere, ingawa si mbali. Hilo si la Burundi tu. Wakazi wengi wa Paris hawajapanda mnara wa Eiffel. Lililo la Burundi ni sababu zinazomfanya mzawa abaki mtalii hata baada ya kiu ya kutazama kukatika.

Sababu ya kwanza iko mfukoni. Mwaka 2025, dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa chini kidogo ya faranga 3,000, ilhali mitaani ilipata zaidi ya maradufu. Anayefika na dola 1,000 na kuzibadilisha benki hupata chini ya faranga milioni tatu. Jirani yake aliyezibadilisha vichochoroni hupata zaidi ya milioni sita. Serikali huhimiza diaspora ipitishe fedha katika njia rasmi, lakini pengo hilo huwasemesha watu kwa sauti kubwa kuliko hotuba yoyote. Matokeo yake ni kwamba samaki wa mukeke, chumba cha hoteli na gari la kukodi huwa rahisi kwa mgeni, wakati mwalimu anayelipwa kwa faranga huona kila kitu kikipanda. Ndugu wawili waliolala chumba kimoja utotoni huketi meza moja ufukweni, na mmoja tu ndiye awezaye kulipa. Kuna mipaka hata hivyo: petroli inapoadimika, kama ilivyokuwa mara nyingi katika miaka ya karibuni, dola pekee hazijazi tangi. Dereva hutafuta mafuta ya magendo, mengine yakiwa yamevuka kutoka Uvira kwa barabara ileile ipitayo Kajaga.

Ya pili ni historia ya kuondoka kwenyewe. Aprili 2015, hayati Pierre Nkurunziza alipoteuliwa na chama chake kuwania muhula wa tatu, maandamano yalizuka mjini, na Mei 13 likafuata jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Zaidi ya watu 400,000 walikimbia nchi. Évariste Ndayishimiye, aliyeapishwa Juni 2020, amewaita mara kwa mara wakimbizi warejee, na Wizara ya Mambo ya Nje huandaa wiki ya diaspora inayoeleza nafasi za uwekezaji. Mwaliko huo unamfaa zaidi aliyekwisha kupata pasipoti ya pili. Mtalii hutazama, hasemi. Hana kesi ya shamba wala hoja ya kisiasa, na ana tiketi ya kurudi. Kwa baadhi ya waliotoka mwaka 2015, huo ndio mpangilio pekee unaowawezesha kulala nchini bila wasiwasi. Wapo pia wapinzani na waandishi wa habari waishio uhamishoni wasiothubutu kuja hata kwa wiki moja.

Uraia unaopita kwa baba

Kwa upande wa sheria, Burundi ni karimu kuliko baadhi ya majirani zake. Kanuni ya uraia ya Julai 2000 inaruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu: Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza hupoteza wa kwao, na kwa miaka mingi alipotua Dar es Salaam alilipia viza kama mtalii mwingine yeyote. Ni mwaka 2025 tu ambapo Bunge lilipitisha utaratibu wa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, ambao bado si uraia.

Lakini ukarimu wa Burundi una tundu kubwa. Kwa kanuni hiyo hiyo, uraia wa kuzaliwa hupita kwa baba. Mama huweza kuurithisha pale tu ambapo baba hajulikani kisheria au amemkana mtoto. Mwanamke wa Ngozi aliyeolewa na Mbelgiji huweza kuja Kajaga na pasipoti zake mbili, na watoto wake, wanaozungumza Kirundi na bibi yao kwa simu kila Jumapili, wakaingia kwa viza. Mwanamume wa Ngozi aliyeoa Mbelgiji hana tatizo hilo. Nchi inayosema inawataka watoto wa diaspora imewagawa uwanjani kwa jinsia ya mzazi.

Wako pia wazawa wa aina nyingine. Zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walipewa uraia wa huko, na kwa sheria ya Tanzania hawawezi kushika wa Burundi pamoja nao. Mmoja wao akitoka Katumba au Mishamo kwenda Rumonge kuona michikichi ya babu yake, hugongewa muhuri wa mgeni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Akiuliza shamba hilo ni la nani sasa, anaacha kuwa mtalii, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Ng'ambo ya maji

Aketiye ufukweni Kajaga jua likizama huona milima ya Uvira. Mandhari hayo hupigwa picha nyingi. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, na maelfu ya Wakongo wakakimbilia Burundi. Jirani na hapo, Gatumba, ndipo wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, walipouawa usiku wa Agosti 13, 2004. Watoto wa Bujumbura wa kizazi kile wanalijua jina hilo vizuri, ingawa si kituo katika ziara ya mtu yeyote.

Ziwa lenyewe halitofautishi mgeni na mwenyeji. Kwa miaka kadhaa maji ya Tanganyika yamepanda, na mwaka 2024 yaliingia bandarini Bujumbura na katika nyumba na hoteli za ufukweni, Kajaga ikiwemo. Mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020, maelfu ya wakazi wa Gatumba walihamishiwa kambini, na wengi wao hawakuwa na nyumba ya pili ya kukimbilia. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani ziachwe bila ujenzi. Walionunua viwanja wakiwa Brussels au Montreal, kwa picha zilizotumwa na ndugu, walionyeshwa maji na mchanga. Umbali haukuonekana pichani.

Wakati huohuo, njia nyingine ya kurejea haipiti Kajaga. Tangu mwaka 2017 zaidi ya Warundi 200,000 wamerudishwa nyumbani, wengi wao kwa mabasi kutoka kambi za mkoa wa Kigoma, wakiwa na msaada wa miezi michache. Wamekwenda moja kwa moja vilimani, ambako wengine wamekuta mashamba yao yakilimwa na watu wengine. Hao hawana tarehe ya kuondoka.