Gari linapokataa kuwaka: kwanza kipimo, kisha kipuri

Mwenye gari la zamani huku mashariki mwa Congo anaujua ugonjwa huu. Asubuhi gari linawaka, mchana linakataa, na likifika kwa fundi linawaka tena vizuri. Fundi haoni kitu, basi anakisia: leta batri mpya. Wiki ijayo ni demareri. Kisha pompi ya mafuta. Dola zinatoka, ugonjwa unabaki.

Maoni yetu ni haya: fundi asiagize kipuri kabla ya kupima, na mteja asilipe kabla ya kuonyeshwa kipimo.

Kupima si kazi ya maajabu. Multimetri, kile kifaa kidogo cha kupima umeme, bei yake iko chini sana kuliko ya batri. Batri nzima iliyopumzika saa kadhaa huonyesha karibu volti 12,6. Wakati wa kuwasha isishuke chini ya 9,6 hivi. Injini ikiisha kuwaka, namba iwe kati ya 13,8 na 14,4. Zote zikiwa sawa, batri haina kosa. Angalieni nyaya: vichwa vya batri vyenye kutu, au waya wa masi uliolegea, huleta shida hiyo hiyo. Kuvisafisha na kuvikaza hakudai kununua kipuri.

Fundi atajibu: gari linawaka mbele yangu, nipime nini? Ana haki. Ndiyo sababu dereva naye ana kazi yake, ya kuandika alichoona siku gari lilipokataa. Mlio mmoja wa «ta», taa zikibaki na nguvu, unaelekeza kwenye demareri. Katika Toyota nyingi za zamani, kinacholika ni vipande vya shaba vilivyo ndani yake, na hivyo hubadilishwa bila kununua demareri nzima. «Ta-ta-ta» ya haraka, taa zikififia, ni umeme mdogo. Injini ikizunguka bila kuwaka, tafuteni mafuta au cheche. Ikikataa ikiwa moto tu, na kukubali ikipoa, shukuni kihisio kinachosoma mzunguko wa injini.

Haya si maneno ya pesa peke yake. Kwa dereva wa taksi, siku ya gari kulala ni siku ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Na kwenye barabara ya Beni–Kasindi, ambako magari yameshambuliwa mara nyingi, gari lisilowaka jioni linaweka roho za abiria hatarini.

Mafundi wetu wana akili na mikono. Wengi wamejifunza kazi bila shule. Tabia ya kukisia ndiyo inawaharibia jina. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, uliza: umepima nini, na umepata namba gani? Halafu dai urudishiwe kipuri cha zamani mkononi.