Diski Ghali Haiongezi Utamu wa Wimbo

Imeenea dhana miongoni mwa wapenda muziki, na sasa imepanda hata huku Ufipa pamoja na kompyuta mpakato zinazouzwa madukani mwa Sumbawanga, ya kuwa wimbo uliohifadhiwa katika diski ya SSD husikika mtamu kuliko wimbo ule ule uliohifadhiwa katika diski ya kuzunguka. Na kwa kuwa dhana hiyo huwatoa watu wa kipato kidogo fedha ambazo zingalifaa kwa jambo jingine, naona ni wajibu kuipinga.

Muziki wa kiwango cha CD huhitaji kilobiti 1,411 kila sekunde, yaani chini ya robo ya megabaiti, ilhali diski ya kuzunguka, hata iliyokwisha kutumika miaka mingi, husoma makumi ya megabaiti kwa muda huo huo. Kompyuta huuteka wimbo mapema na kuuweka katika kumbukumbu yake kabla spika haijauhitaji, na kila kipande kisomwacho hukaguliwa kwa hesabu zinazogundua makosa na kuyasahihisha. Basi diski ikiharibika, wimbo utakatika au faili litakataa kufunguka. Bali besi haipungui, wala sauti ya mwimbaji haififii, kwa sababu ya aina ya diski.

Uharibifu tuutafute kwingine. Nyimbo tunazorushiwa vibandani katika memori kadi aghalabu ni MP3, na zile za kilobiti 128 zimebakiwa na takriban sehemu 1 tu kati ya 11 ya data ya CD. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 kabla CD hazijaingia sokoni, limetufikia kwa kanda na kaseti, kisha likabanwa, na pengine kubanwa tena na fundi aliyetaka nyimbo nyingi zienee katika kadi ndogo. Kilichopotea humo hakirudishwi na diski yoyote. Mwenye kutaka utamu na atafute nakala iliyo karibu na asili, aihifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza uzito wa faili kwa karibu nusu bila kupoteza chochote, na fedha iliyosalia ainunulie spika.

Simaanishi kwamba SSD haina fadhila. Haina kelele, jambo lenye thamani chumbani mwa kurekodia, na kwaya inayoteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze na kompyuta mgongoni itaishukuru, maadamu haina sahani ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika wala kichwa cha kuikwaruza gari likiruka shimo. Kwa akaaye mjini, diski nafuu ya GB 500 hubeba zaidi ya saa 700 za muziki wa CD usiobanwa.

Liniumizalo zaidi ni nyimbo za kwaya za vigangoni na ngoma ya nsimba zilizorekodiwa vijijini, ambazo hazimo dukani, na mara nyingi zimo katika flashi moja tu, mfukoni mwa mtu mmoja. Flashi bandia hujitangazia ukubwa isio nao, kisha hufuta ya kale kimya kimya. Flashi yoyote haiaminiki mpaka ijazwe yote na kusomwa upya. SSD nayo, ikiachwa kabatini miaka bila umeme, yaweza kupoteza iliyopewa. Kwa bei ya SSD moja kubwa, kwaya ingenunua diski mbili za kuzunguka, moja ikae kwa katibu na ya pili katika nyumba nyingine, na kila baada ya miezi michache zifunguliwe zote mbili na kulinganishwa faili kwa faili.