Kutembea Tunaweza, Je, Ndoo?

Sisi akina mama wa kikundi tulianza kutembea alfajiri hadi Raskazone na kurudi kabla jua halijawa kali. Wengi tuna miaka arobaini na kitu, na baadhi yetu presha imekwisha kubisha hodi. Baada ya miezi mitatu hakuna aliyehema tena njiani. Lakini siku moja tukiwa tumekaa mkekani, dada mmoja, hodari wetu wa mwendo, alishindwa kuinuka bila kushikwa mkono. Tulicheka, naye akacheka. Baadaye alitunong'oneza kwamba hata ndoo ya maji siku hizi hubebewa na binti yake wa darasa la sita.

Kosa lilikuwa letu wauguzi, tuliohimiza kutembea tu. Misuli hujifunza kile inachofanyishwa. Ukitembea mwendo mrefu, ndani yake huongezeka mishipa myembamba ya damu, na vile vinu vidogo viitwavyo mitokondria vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Ndiyo maana huchoki upesi. Ukinyanyua mzigo, wiki za kwanza ni neva zinazojifunza kuamsha misuli vizuri zaidi. Nyuzi zenyewe hunenepa baadaye. Na umri unavyosogea, misuli isiyobebeshwa kitu hupungua polepole.

Je, kazi hizo mbili hugombana? Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Hickson, alitoa utafiti wa wiki 10. Waliofanya mazoezi ya nguvu siku 5 na ya pumzi siku 6 kwa wiki walipata pumzi sawa na waliofanya ya pumzi peke yake. Lakini nguvu za miguu yao zilipanda hadi wiki ya 7 hivi, zikasimama, kisha zikashuka. Wengi walitishika. Lakini hebu tazameni kipimo chenyewe: siku 5 na siku 6! Mama gani wa Tanga ana nafasi hiyo? Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kuwa kuchanganya hakuzuii misuli kukua wala nguvu kuongezeka. Kinachopungua kidogo ni nguvu ya ghafla, kama ya kuruka. Nasi hatujaona mama akiruka sokoni Ngamiani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi.

Basi tumeongeza siku mbili. Tunakaa kitini na kusimama mara kumi, tunapumzika, tunarudia. Tunasukuma ukuta. Tunanyanyua dumu la lita 5, magoti yakikunjwa, mgongo ukinyooka. Likiwa jepesi, tunachukua kubwa zaidi. Siku ya kutembea ikigongana na ya dumu, dumu hutangulia, miguu ikiwa haijachoka. Nyumbani tule maharage, dagaa au yai, maana chai na andazi peke yake havijengi msuli. Wenye presha wasibane pumzi wanaponyanyua. Wajawazito, na waliojifungua kwa upasuaji karibuni, waulize kliniki kwanza.

Dada yetu sasa amefikia dumu la lita 10. Kuinuka mkekani bado huegemeza mkono mmoja chini, lakini ni mkono wake mwenyewe.