Neno la Mhariri: Hatari Huanza Kuhesabiwa Kimana

Muulize mzee wa Kimaasai wa Kimana, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ana miaka mingapi, na huenda akakutajia rika lake la tohara. Akisema yeye ni Iseuri, mtu yeyote wa Loitokitok atajua kwamba alitahiriwa kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1970. Kitambulisho chake kina mwaka wa kuzaliwa, lakini si ajabu mwaka huo ukawa ulikisiwa na karani aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake. Mzee huyo akifikishwa hospitalini usiku, tumbo limemfura na hajatoa hata upepo tangu juzi, swali la kwanza la vikokotoo vingi vya hatari ya upasuaji ni umri. Hesabu inaanza na tarakimu ambayo mwenyewe hajawahi kuiamini.

Toleo hili linahusu wazee wanaohitaji kufunguliwa tumbo kwa dharura, na namna ya kukadiria ni nani atakayevuka salama. Hoja yangu ni kwamba vikokotoo tulivyorithi vinafaa, ila vinaanza kuhesabu mgonjwa akiwa tayari mlangoni pa thieta, wakati sehemu kubwa ya hatari ya mzee wa Kimana ilijengeka kabla hajapanda gari.

Tuviangalie kwanza kwa haki. POSSUM, kimojawapo cha vikokotoo hivyo, ilitungwa Uingereza mwaka 1991, na madaktari wa Portsmouth wakaisahihisha mwaka 1998 kwa sababu ilikuwa ikitabiri vifo vingi kuliko vilivyotokea. Inadai shinikizo la damu, mapigo ya moyo, vipimo vya damu na picha ya umeme wa moyo. Tangu Desemba 2013, Uingereza na Wales zimekuwa zikikusanya taarifa za kila upasuaji wa dharura wa kufungua tumbo. Mwanzoni walikuwa wakifariki takriban wagonjwa 12 kati ya 100 ndani ya siku 30. Miaka michache baadaye walikuwa 9 hivi. Hesabu peke yake haikumwokoa mtu. Kilichosaidia ni kwamba iligeuzwa kuwa amri: uwezekano wa kifo ukifika asilimia 5, daktari bingwa wa upasuaji na bingwa wa nusukaputi sharti wawepo wenyewe, na mgonjwa apangiwe kitanda katika chumba cha mahututi.

Sasa rudi Kimana. Magonjwa yenyewe yanajulikana: ngiri iliyokwama baada ya kubebwa miaka mingi bila kutibiwa, utumbo mpana uliojisokota, kidonda cha tumbo kilichotoboka. Hicho cha mwisho kina historia yake dukani. Mkulima wa nyanya au vitunguu aliyeinama shambani maisha yake yote hununua vidonge vya mgongo, diklofenaki au brufeni, siku ya soko, Jumanne, na kuvimeza tumbo likiwa tupu. Vidonge hivyo hudhoofisha ukuta unaolinda tumbo dhidi ya asidi yake, na tena hupunguza maumivu ambayo yangempeleka kituo cha afya mapema. Uzee nao unaficha. Kijana mwenye utumbo uliotoboka huwa na homa na tumbo gumu kama ubao. Mzee anaweza kulalamika kidogo tu, bila joto, akili ikiyumba, na watu wa nyumbani wakafikiri ni malaria au ni uchovu.

Kisha kuna barabara. Kutoka Kimana kwenda hospitali ya Loitokitok si mbali, lakini ikiwa hakuna wa kupasua usiku huo, safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya Kajiado au Nairobi ni ya kurudi kaskazini hadi Emali na kushika barabara kuu ya Mombasa. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba angalau asilimia 80 ya watu wa kila nchi waweze kufikia upasuaji wa kufungua tumbo ndani ya saa mbili. Kwa mzee wa boma lililo mbali na lami, saa mbili huisha wakati bado anatafutwa mwenye gari la probox. Utumbo uliokosa damu hausubiri, wala kikokotoo hakina kisanduku cha kuandika hayo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 10,745 wa upasuaji wa dharura wa tumbo katika nchi 58, ulionyesha kwamba katika nchi zenye maendeleo duni uwezekano wa kufa ni karibu mara tatu ya ule wa nchi tajiri, hata baada ya kuzingatia tofauti za wagonjwa. Mwaka 2018 watafiti wa Afrika wakaongeza jambo linalouma zaidi. Katika hospitali 247 za nchi 25, wagonjwa wetu walikuwa vijana na wenye hatari ndogo kuliko wa kwingineko, na bado walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Karibu wote walikufa baada ya siku ya upasuaji.

Watafiti hao walitunga kikokotoo cha Kiafrika kinachohitaji mambo machache tu ambayo hospitali yoyote inayo. Kisha wakakijaribu katika hospitali 332: mgonjwa mwenye alama za hatari alazwe panapoonekana na wauguzi, apimwe mara nyingi zaidi, ndugu aruhusiwe kukaa naye. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba vifo vilipungua. Wapo waliosoma hapo kwamba utabiri hauna maana Afrika. Mimi nasoma jingine: muuguzi mmoja mwenye wodi nzima hawezi kuangalia zaidi kwa sababu tu ameambiwa aangalie. Kujua nani yuko hatarini bila kuongeza mikono ni kumpa muuguzi hofu, si msaada.

Kwa hiyo ni nini kinachoweza kufanyika kwa mikono iliyopo? Swali la gharama ndogo kuliko yote ni hili: wiki mbili zilizopita alikuwaje? Kipimo cha unyonge wa uzeeni kilichotungwa Kanada na kutangazwa mwaka 2005 kinategemea swali hilo. Utafiti wa Uingereza wa wazee wa miaka 65 na zaidi ulionyesha kwamba unyonge huo unatabiri kifo baada ya kufunguliwa tumbo hata ukiweka umri kando. Kipimo hicho hakihitaji maabara. Lakini kisitafsiriwe kama kilivyo, maana kinauliza juu ya ununuzi, fedha na kazi za nyumbani, na mzee wa Kimana hajawahi kufanya nusu ya hayo hata akiwa na nguvu. Kiulize kama bado anafuata mbuzi, kama anapanda matatu mwenyewe, kama anakwenda kwenye mikutano ya wazee na kurudi kabla ya giza. Bibi aulizwe kuhusu maji na kuni. Mhudumu asimhukumu mtu kwa anavyoonekana kwenye machela. Kila mtu ni mnyonge kwenye machela.

Jibu hilo linabadilisha pia mazungumzo na jamaa. Mara nyingi anayezungumza na daktari ni mwana mkubwa, na swali lake ni moja: mzee atapona? Asilimia 30 haimwambii kitu. Afadhali aambiwe kwamba kati ya wazee kumi walio kama baba yake, watatu huenda wasirudi nyumbani, na kwamba wengine watarudi wakihitaji kuinuliwa. Familia ikichagua kutopasua baada ya kusikia hayo, huo ni uamuzi. Hospitali ikimwacha mzee pembeni kwa sababu alama zake ni mbaya, hilo ni jambo tofauti, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Nasisitiza hili kwa sababu ndiyo hofu yangu kubwa juu ya vikokotoo: kwamba amri iliyotungwa ili kumwita bingwa itageuzwa huku kwetu kuwa sababu ya kutomwita.

Pendekezo letu ni dogo. Barua ya rufaa inayotoka Kimana itaje saa maumivu yalipoanza, mambo ambayo mgonjwa aliweza kufanya wiki mbili zilizopita, dawa anazomeza pamoja na zile za dukani, na rika lake ikiwa mwaka wa kitambulisho hauaminiki. Na daktari wa zamu apigiwe simu gari likiwa halijaondoka. Baadhi ya waandishi wa toleo hili hawakubaliani nami kuhusu rika. Wanaona litawachanganya wahudumu wanaotoka nje ya Kajiado. Sababu zao wamezieleza vizuri kuliko nitakavyozieleza mimi, kwa hiyo wasomeni wenyewe.