Udhu si Wasiwasi

Kila mwaka wanafunzi wa saikolojia hutoka vyuoni wakiamini kwamba sayansi imekwisha kuichunguza dini na kuikuta ni maradhi. Nami nilitoka na imani hiyo. Mhadhiri wetu aliipa mada nzima dakika chache: Sigmund Freud, dini ni njozi, tufungue ukurasa unaofuata. Mwenzangu aliyeketi mbele yangu, ambaye kila adhuhuri alitoka kwenda kuswali, aliyaandika maneno hayo daftarini kwa sababu yangekuja kwenye mtihani. Yalikuja.

Imani hiyo si ya kweli, na ni wajibu wa wanaofundisha kuisahihisha.

Tuanze na Freud. Mwaka 1907 alichapisha insha fupi iliyolinganisha ibada na matendo ya mgonjwa asiyeweza kujizuia kurudia jambo, kama yule anayenawa mikono hadi ngozi ichubuke. Mwaka 1927 akatoa kitabu kizima cha kuiita dini njozi. Hakupima waumini na wasioamini akawalinganisha, alifikiri, akaandika. Na kwa kumtendea haki, alieleza wazi kwamba njozi kwake si lazima iwe uongo, ni imani inayosukumwa na matamanio. Mwaka uliofuata rafiki yake Oskar Pfister, mchungaji wa Zürich aliyetumia mbinu za tiba za Freud, alimjibu kwa maandishi, na Freud mwenyewe alimhimiza ajibu. Jibu hilo sikulikuta katika vitabu nilivyosomeshwa. Lakini nilikuta humo, tena kwa urefu, kwamba nadharia zake kuhusu utoto na ndoto hazina ushahidi wa kutosha. Kwa nini basi hukumu yake juu ya dini iachwe isimame, ilhali imetoka kiwanda kilekile?

Mchukue mtoto wa madrasa wa Lamu au Bagamoyo. Anapofundishwa kutawadha huambiwa kwamba viungo huoshwa hadi mara tatu, na kwamba anayerudia na kurudia kwa kutoamini kama udhu umeshika, huyo ana wasiwasi, na wasiwasi haufuatwi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, likiwa na maana ya mnong'ono wa moyoni unaomsumbua mtu. Abu Zayd al-Balkhi, msomi aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na ndani yake akaueleza wasiwasi huu kuwa ni taabu inayotibika, pamoja na hasira, hofu na huzuni. Kwa hiyo wenye ibada walikwisha kuitenga ibada na maradhi karibu miaka 1000 kabla ya insha ya Freud. Mwenzangu yule alilijua hilo tangu utotoni. Darasani hakuna aliyemuuliza.

Wala huhitaji kutoka nje ya saikolojia kupata majibu. William James, ambaye vitabu vya kiada humtaja kwa nadharia yake ya hisia, alitoa mihadhara Edinburgh kuhusu uzoefu wa kidini na kuichapisha mwaka 1902. Gordon Allport alichunguza uhusiano wa dini na chuki dhidi ya watu wa rangi au kabila jingine. Aligundua kwamba kwa wastani waenda kanisani Marekani walikuwa na chuki zaidi kuliko wasiokwenda, ila wale ambao imani ndiyo inayoongoza maisha yao walikuwa na chuki kidogo kuliko wanaoitumia dini kutafuta hadhi na usalama. Huo ni utafiti. Muumini ana la kujifunza hapo, na asiyeamini pia.

Sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kuogopa hukumu za haraka za saikolojia. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti ya 1954 kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Dai lao la ardhi na uhuru likageuzwa kuwa tatizo la akili za Waafrika.

Simtetei anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali aombewe tu. Nimewaona walioumizwa hivyo, na inaniuma. Ila mtaalamu aliyefundishwa kwamba dini yote ni dalili ya ugonjwa hawezi kutofautisha maombi yanayomwinua mtu na yanayomzamisha.

Mjane anakaa mbele ya mnasihi na kusema, "Namwachia Mungu." Maneno hayo yanaweza kubeba mambo mawili tofauti kabisa. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, ametumia miaka mingi kuyapambanua: yupo anayemkabidhi Mungu kila kitu na kukunja mikono, na yupo anayejiona anashirikiana na Mungu, akiomba huku akihangaika. Kumtambua ni yupi kunahitaji swali moja tu: "Na wewe mama, ukishamwachia, kesho asubuhi unaamka kufanya nini?" Katika miaka yangu yote ya chuo sikufundishwa kuliuliza. Nilijifunza kwa wateja wangu wa unasihi, na wa mwanzo kati yao nilikuwa nimewanyamazisha walipotaja tu jina la Mungu.