Nani Kasema Imechakaa?

Tarehe 14 Oktoba sisi wa Mara hatuhitaji kukumbushwa. Ni siku aliyofariki Baba wa Taifa huko London mwaka 1999, na Butiama ni jirani. Lakini mwaka 2025 siku hiyo ilibeba tangazo jingine. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imeamua kwamba ikifika tarehe hiyo itaacha kuitunza programu yake iitwayo Windows 10, ile inayoendesha kompyuta yangu. Mjukuu wangu alinikuta barazani hapa Musoma, akaniambia kwa huruma kabisa, "Babu, kompyuta yako imekufa leo." Nilikuwa nimetoka kuifunga dakika kumi tu zilizopita, ingali na joto lake.

Ndugu msomaji, naandika kuupinga msemo huo, kwa sababu nauona unawaingiza watu wazima kwenye madeni.

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikisahihisha miswada ya vitabu vya shule. Mchapishaji yuko Dar es Salaam, mimi niko hapa. Mswada huja kwa barua-pepe, nausahihisha katika chumba cha nyuma, naurudisha. Binti yangu yuko Bunda, naye hutunza hesabu za kampuni iliyoko Nairobi bila kuhama nyumbani kwake. Baada ya korona ya mwaka 2020 kazi za namna hii zimezoeleka, na ni neema kwa sisi tulio mbali na miji mikubwa. Lakini tazama kilichofanyika kimyakimya. Zamani mwajiri ndiye aliyenunua meza, kiti, taipureta na karatasi za kaboni, akalipa na umeme. Leo vyote hivyo vimehamia nyumbani kwa mfanyakazi, na hakuna aliyemwuliza kama ana fungu lake. Ofisi imekuja kwake, ila mhasibu wa ofisi hakuja nayo.

Basi mimi nimeamua kuwa mhasibu huyo. Nilipokuwa mwalimu mkuu tulikuwa na leja ya vifaa. Dawati, jembe, mashine ya kurudufu mitihani, kila kimoja kilikuwa na mstari wake. Kifaa hakikufutwa kwenye leja kwa sababu muuzaji kapita na gari lenye vipya. Kilikaguliwa, ikaandikwa kimevunjika wapi na kutengeneza ni bei gani, ndipo kikafutwa. Tulichukia sana kazi ile ya makaratasi. Leo naiona ilikuwa na akili kuliko tulivyodhani.

Wako watakaosema mzee huyu anaogopa mashine mpya. Nawajibu kwamba woga wa mashine naujua, nimeuona ukifanywa sera. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, baada ya kuumizwa na mradi wa kompyuta wa hesabu za Hazina uliokula fedha nyingi na kuleta vurugu. Kisa kilikuwa cha kweli, maumivu yalikuwa ya kweli, lakini dawa ilizidi ugonjwa. Tulichelewa miaka mingi kujifunza kitu ambacho wenzetu walikuwa wakijifunza. Sitaki kuyarudia makosa yale katika chumba changu cha nyuma. Ninachokataa ni kinyume chake, yaani kununua kwa sababu tu tumeambiwa tumechelewa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa ni baba wa watoto watatu, hutafsiri nyaraka akiwa nyumbani. Kompyuta yake ilikuwa nzito kama punda mgonjwa, akaambiwa dukani kwamba dawa ni mpya tu. Akachukua mkopo wa kausha damu. Alipokuja kwangu, deni lilikuwa limeshaimeza kazi ya miezi minne, na kompyuta mpya ilikuwa nzito vilevile, kwa kuwa tatizo lake kubwa lilikuwa intaneti: nyumba iko nyuma ya kilima, bando linaisha, mtandao haufiki. Aliporudisha kiti chake upande wa pili wa nyumba, penye dirisha, kazi ikaenda. "Mwalimu," aliniambia, "mbona hawakuniuliza nakaa wapi?" Sikuwa na jibu la adabu.

Yangu mimi niliipeleka kwa fundi pale Nyasho. Akaifungua mbele yangu. Feni ilikuwa imejaa vumbi na nywele za paka. Akatoa diski ya zamani, ile inayozunguka ndani kama santuri, akaweka ya kisasa isiyozunguka, akaongeza kumbukumbu, akabadilisha betri. Gharama yote haikufika robo ya bei niliyotajiwa ya mpya. Kabla ya hapo nilikuwa nikiiwasha ndipo naenda kuchemsha chai. Sasa chai ndiyo inayochelewa. Na hiyo betri ndiyo iliyonifaa kuliko vyote, maana umeme ukikatika sipotezi tena ukurasa niliokuwa nao mkononi.

Lakini nisijifanye mwenye haki pande zote. Kompyuta niliyokuwa nayo kabla ya hii niliing'ang'ania hadi ikaniadhibu. Kwa miezi miwili ilikuwa ikitoa mlio kama wa panya kwenye dari. Binti yangu alisema, "Baba, hiyo diski inaaga." Nikamwambia mashine nayo hukohoa. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za marehemu mwenzangu, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, alizonisimulia kwa majuma kadhaa nikaziandika akiwa kitandani. Sikuwa na nakala hata kwenye flashi. Diski ilipokufa alikuwa amezikwa mwaka mmoja tayari. Wanawe huniuliza kila tukikutana, na mimi hujibu kwamba fundi bado anajaribu. Hajaribu. Alishaniambia hakuna kitu.

Kwa hiyo mlio ule ungeandikwa kwenye leja, ungenipa jibu miezi miwili kabla.

Kuna jambo jingine nililolikosea. Binti yangu naye kompyuta yake ilikataliwa na Windows 11, kwa kuwa mfumo huo mpya hauzipokei nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Unadai kichakataji cha karibuni na kijisehemu maalumu cha usalama. Nikamhubiria niliyowahubiria ninyi hapa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Baba, wewe unatunza koma na nukta. Mimi natunza fedha za watu." Alikuwa na haki. Programu isiyotunzwa tena haizimiki siku ya tangazo, ila nyufa zake haziziibwi tena, na mwizi anazijua. Microsoft walifungua mlango wa mwaka mmoja zaidi kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Kwangu huo unatosha kupanga, na baada ya hapo fundi atanipandikizia Linux, ambayo hailipiwi. Kwake yeye, mwenye funguo za akaunti za kampuni, haukumtosha. Alinunua ya mtumba ya miaka michache tu, kwa fedha taslimu aliyoiweka tangu Januari. Na barua ya kuomba mwajiri achangie alimwandikia yeye mwenyewe, walimlipa nusu. Ni wangapi wamewahi hata kuomba?

Nimenunua daftari la kaunta mezani kwangu. Naandika kila dakika ambazo mashine imenipotezea na sababu yake. Mwezi uliopita zilikuwa saa tatu na dakika ishirini: saa mbili na nusu ni umeme, dakika arobaini mtandao, na dakika kumi kompyuta yenyewe. Kwa hiyo fedha niliyonayo imekwenda kwenye paneli ndogo ya sola na betri yake, iliyowekwa juu ya bati Jumamosi. Mjukuu wangu ndiye aliyepanda kuifunga, akinung'unika.